Aliyeikunja Bendera kwa Kijicho

Hadithi hii usiile peke yako. Ukishaisoma, mpelekee na jirani.

Katika wilaya moja palikuwa na tarishi aitwaye Mwinjuma. Kwa miaka kumi na minane, kazi aliyoionea fahari ilikuwa moja tu: kupandisha bendera ya taifa asubuhi na kuishusha kabla jua halijazama. Mikononi mwake bendera haikupata kugusa ardhi. Ilipochakaa, hakukubali igeuzwe tambara. Aliichoma kwa heshima, kofia mkononi.

Ikawadia sikukuu ya uhuru. Mkuu wa wilaya akatangaza kwamba siku hiyo bendera itapandishwa na Sikudhani, askari mpya, binti ambaye Mwinjuma mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika kamba.

"Mzee Mwinjuma," muuza kahawa akamtania, "naona bendera imekuandikia talaka!"

Watu wakacheka. Mwinjuma naye akacheka, lakini kicheko cha meno. Moyoni moto ulikwisha kushika makuti. Miaka kumi na minane ya mvua na jua, kisha siku ya wageni sifa apewe mtoto wa juzi!

Asubuhi ya sherehe Sikudhani akamjia.

"Shikamoo, Baba. Nikunjie wewe, nisije nikaikosea."

"Marahaba, mwanangu. Lete."

Desturi ya sikukuu ni hii: bendera hupandishwa ikiwa imekunjwa na kufungwa fundo jepesi, ikafunguka juu kabisa ya mlingoti kamba inapovutwa. Mwinjuma akaikunja kwa ustadi wake wote, akaitia kambani kichwa chini, miguu juu.

"Leo watajua nani anaijua kazi," akajisemea.

Tarumbeta ikalia. Watu wote wakasimama wima. Kitita cha bendera kikaanza kupanda. Mwinjuma akamkazia macho Sikudhani, akingoja aibu imshukie. Lakini macho yakamponyoka, yakaangukia kwa mzee mmoja aliyepoteza mguu akiitetea nchi. Mwanawe alitaka kumshika mkono, naye akamsukuma pembeni ili aisimamie bendera kwa nguvu zake mwenyewe.

Hapo Mwinjuma akatambua ni kitu gani hasa alichokipindua.

"Simamisha!" akapiga ukelele. "Usivute kamba! Imepinduka!"

Uwanja mzima ukageuka. Mkuu wa wilaya akatazama juu, kisha akamtazama yeye.

"Mzee Mwinjuma, bendera bado imefungwa. Wewe umejuaje?"

Mwinjuma akavua kofia, akainamisha kichwa.

Sikudhani akaishusha, akaigeuza, akaipandisha upya. Ikafunguka, ikapepea. Wimbo wa taifa ulipokwisha, mkuu wa wilaya akamsogelea tarishi, akatoa mfukoni kijisanduku na kukifunua. Ndani mlikuwa na nishani iliyochongwa jina la Mwinjuma.

"Kamba tulimpa Sikudhani," akasema kwa sauti ya chini, "kwa sababu leo mikono yako tuliitaka ipokee hii."

Akakifunika, akakirudisha mfukoni.

Funzo: Kijicho humpofusha mtu asilione fungu lake mwenyewe, na anayeichezea heshima ya wote ili amwaibishe mmoja, huivua ya kwake hadharani.