Muhenna Aubomoa Mnara Wake

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba ukingoni mwa jangwa, katika mji wa Harmal, palikuwa na ngome ya udongo iliyobomolewa na vita. Habari za waporaji zilipoanza kusikika tena, liwali alimwomba Muhenna bin Rashid, mwashi mcha Mungu, airudishe kama ilivyokuwa: ukuta mnene wa kaskazini, ghala la tende, na mnara wa duara wenye matundu ya kulengea. Wake na watoto wangelala humo mpaka hatari ipite.

Harmal ilikuwa na visima viwili. Cha mbali kilikuwa na maji matamu, cha karibu maji yake yana chumvi. Udongo wa maji ya chumvi hukauka ukapendeza, kisha humomonyoka kuanzia chini hadi ukuta uanguke. Kwa hiyo Muhenna alikuwa akiuonja kila udongo kwa ncha ya ulimi kabla haujajengewa. Hivyo ndivyo alivyojenga ukuta na ghala.

Mnara ulijengwa Ramadhani. Kwa kuchunga saumu yake, Muhenna hakuonja. Aliyechanganya udongo ni shemeji yake, Thuwein. Mnara ukasimama, ukapakwa chokaa, watu wakausifu.

Siku ya pili ya Idi, Muhenna alibandua kipande cha udongo chini ya mnara, akakitia mdomoni.

Thuwein akacheka. “Shemeji, Idi yote hii unakula udongo? Nyumbani kuna halua!”

Muhenna akatema. “Maji ulichota wapi?”

Thuwein akainamisha kichwa. “Ngamia walichoka. Nilichota hapa karibu.” Kisha akasema kwa sauti ya chini, “Liwali anakuja kesho. Chumvi haionekani. Na wewe ulikuwa umefunga, nani atakulaumu?”

“Saumu ni yangu na Mola wangu,” akajibu Muhenna. “Mnara ni wa watu. Ilinipasa kungoja magharibi, nikaonja.”

Akashika sururu. Thuwein alimsihi asibomoe, kisha naye akashika yake.

Kesho yake liwali alikuta rundo la udongo. “Nimekuja kuuona mnara,” akasema kwa hasira.

“Haupo, liwali. Ulikuwa na chumvi, na kosa ni langu. Nimeubomoa.”

“Waporaji wako njiani, nawe unabomoa! Nani mwingine alijua habari ya chumvi?”

“Shemeji yangu, na Aliyetuumba.”

Liwali akaitazama ile chokaa iliyovunjika. “Na ukuta wa kaskazini?”

“Huo niliuonja wote, liwali.”

Walinzi wakangoja amri ya kumfunga. Liwali akawageukia, akasema, “Waleteni wake na watoto, na wanangu wawe wa kwanza. Leo watalala nyuma ya ukuta wa kaskazini. Mtu aliyeubomoa ulio mbovu bila kuulizwa, akiniambia huu ni mzima, namwamini.”

Wapo wanaoongeza kwamba waporaji walifika wakarudishwa na malaika. Sisi hatukupokea hivyo. Tulichopokea ni kwamba watu walilala, na asubuhi Muhenna na Thuwein waliongoza ngamia kwenda kisima cha mbali.

Tumwombe Mwenyezi Mungu atujaalie ibada isiyotusahaulisha amana za watu, na ujasiri wa kukiri kosa letu kabla halijamdhuru mtu.