Mtemi Ndalahwa na Sheria ya Ndoa

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Mmeisikia jana kwenye kikao cha harusi, pale simu ya mwenyekiti ilipolia mfukoni mwake, naye ndiye aliyezipiga simu marufuku. Mkacheka mpaka mkasahau michango. Leo mnaniuliza huo msumeno umetoka wapi. Haya, kaeni vizuri, na anayetaka kusinzia akasinzie kwao. Kwa jinsi tulivyosimuliwa sisi, methali hii ilianza hivi.

Katika nchi ya Busenge palikuwa na Mtemi aliyeitwa Ndalahwa. Alikuwa mtu mwema, msije mkasema nimemsengenya, ila alipenda mno kusikia sauti yake. Alipobatizwa, alibatizika mpaka kwenye kucha. Alitoa kiwanja, akajenga kanisa, akaliezeka bati, kisha akalitungia na sheria: aliyeachana na mwenzake asifungishwe ndoa nyingine maadamu mwenzake yu hai.

Mchungaji Elifasi, mtu mpole, aliuliza kama sheria hiyo haiwezi kulegezwa kidogo.

"Hailegezwi," alisema Mtemi. "Awe mkubwa, awe mdogo."

Tangu hapo, kila ndoa ilipotangazwa na mchungaji akauliza kama kuna mwenye kizuizi, Mtemi aliangaza macho kanisa zima. Akijua mmoja wa wachumba hao amewahi kuachika, huinuka na kunguruma, "Kizuizi!" Sauti ikagonga bati na kumrudia masikioni, naye akaketi ameridhika. Wachumba walirudi makwao wakilia, na magauni yamekwisha kushonwa.

Basi siku moja akaja askofu. Mtemi alivaa taji lake la manyoya ya simba, akainama kumlaki mgeni, taji likamteleza mpaka puani. Akiwa haoni kitu, akaipa mkono nguzo ya baraza. "Karibu sana, Baba Askofu," akaiambia nguzo.

Watu wote waliuma midomo. Mkewe, Nyamizi, alijaribu naye, akashindwa. Alicheka mpaka akakaa chini. Mtemi hakumsamehe. Kesho yake alipeleka shauri kwa wazee wa baraza, na wazee, ambao hawakuzoea kumkatalia kitu, wakampa talaka kabla chai haijapoa. Nyamizi alikunja mikeka yake akahamia ng'ambo ya kijito.

Hasira hasara. Mawingu yalipoanza kukusanyika, Mtemi alikumbuka mila ya kiti chake. Kabla ya mvua za kwanza, mtemi huwagawia watu mbegu, na ungo hushikwa na mke wake wa ndoa. Asiye na mke hagawi mbegu, na asiyegawa mbegu humpisha binamu yake kitini. Binamu huyo alikuwa ameshaanza kupita pita uani akikipima kiti kwa macho.

Mchumba Mtemi alikuwa naye, tena aliyempenda kweli: Milembe, mwalimu wa shule ya misheni. Lakini Milembe alikuwa amemwambia waziwazi kwamba yeye haolewi kwa mlango wa nyuma. Ama kanisani, ama basi. Kwa hiyo Mtemi akaenda kwa Mchungaji Elifasi.

"Mchungaji, nataka kuoa."

"Hongera, Mtemi. Nyamizi yu mzima?"

"Mzima sana. Jana nilimsikia akicheka toka ng'ambo."

"Basi haiwezekani. Sheria inakataa."

"Sheria ya nani?"

"Yako, Mtemi."

Mtemi alikuna kichwa. Akapendekeza sheria ibaki ilivyo, ila yeye aachwe apite. Mchungaji, kwa upole uleule, alikataa. Ikiondoka kwa Mtemi, alisema, imeondoka kwa wote.

"Iondoke kwa wote!" alisema Mtemi, kwa kuwa mawingu yalikuwa mengi na kufikiri kungemchelewesha.

Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa mpaka madirishani. Mtemi alikaa mbele, Milembe kando yake. Mchungaji akasimama.

"Natangaza ndoa mbili. Naanza na waliotangulia kuniomba, ambao sheria iliwazuia. Lugendo, mpishi wa Mtemi, na Nyamizi."

Mtemi aliinuka hata kabla hajajua kwamba ameinuka.

"Mpishi wangu?"

"Ndiye," alijibu Nyamizi kutoka benchi la akina mama. Nyuma kabisa Lugendo alikuwa akitazama vidole vya miguu yake.

"Lakini wewe ni mke wa—"

"Mke wa nani, Mtemi? Baraza lako lilishaniacha. Ulitaka niachike mpaka wapi?"

"Na chakula atapika wapi?"

"Kwangu."

Kanisa likavuma kwa kicheko. Mtemi hakusikia. Alikuwa ameshikwa na wivu, wivu wa mtu aliyekitupa kitu chake mwenyewe kisha akakiona mkononi mwa mwingine. "Sheria niliiondoa kwa ajili yangu!" alisema.

"Naam, na imeondoka," alisema mchungaji. "Sasa nauliza. Kuna mwenye kizuizi?"

Watu wakamgeukia Mtemi. Neno lile alilolizoea lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wa Mtemi. Milembe akamvuta vazi na kumnong'oneza, "Ukilisema, linatuzuia na sisi. Mimi nitarudi kwa baba, na kiti kitakwenda kwa binamu yako. Chagua."

Mtemi akamtazama Nyamizi, akitaraji kumkuta akicheka. Nyamizi hakucheka. Alikuwa ameshika khanga yake kwa mikono miwili na midomo ikimtetemeka, kama wale wachumba wote aliowarudisha makwao bila kuwatazama usoni. Aibu ilimwingia Mtemi, na safari hii hakuna taji lililomteleza.

"Sina kizuizi," alisema kwa sauti ndogo ambayo haikufika hata kwenye bati. Akaketi. Kisha akamwambia Milembe, "Siku zote nilidhani nimeshika kisu, kumbe nilishika msumeno."

Ndoa zote mbili zikafungwa, ya mpishi kwanza. Milembe alishika ungo, mbegu zikagawiwa, mvua ikanyesha, na binamu akarudi kwake kulima. Wachumba waliozuiwa zamani wakayatoa magauni sandukuni. Wengine ilibidi wayapanue kidogo.

Ila mpishi mpya wa Mtemi hakumfikia Lugendo. Michembe yake, vile viazi vitamu vya kukausha, ilikuwa migumu, na ugali wake ulikuwa na mabonge ya unga mbichi. Mgeni mmoja alilitema tonge pembeni, akauliza kwa adabu, "Mtemi, hivi yule mpishi wako hodari yuko wapi?"

Mtemi alimega tonge, akaligeuza kwenye mchuzi, akapumua.

"Sheria ni msumeno," alisema, "hukata mbele na nyuma." Akameza.