Simu Zisizo na Kusudio

Jina lake rasmi lilikuwa "Mchakato wa Kumpata Mtoa Huduma ya Simu za Intaneti kwa Ajili ya Zahanati ya Mifugo." Jalada lilifunguliwa, likapewa namba, likakaa peke yake kabatini, kwa kuwa zahanati hiyo haikuwa na jalada jingine.

Mwenye zahanati, Daktari Ambakisye, alikuwa ametibu ng'ombe wa milima ya Rungwe kwa miaka ishirini, na muda wote huo alikuwa na simu moja tu, mfukoni mwa koti. Wenye salio walipiga. Wasio na salio walibipu: simu iliita mara moja, ikakatika, naye akapiga yeye. Hakuna aliyewahi kuwekeana mkataba na mwenzake juu ya jambo hilo. Lakini wafugaji waliongezeka, wasaidizi wakawa wawili, na simu ikawa haimwachi hata amalize ugali wake. Alikuwa amechoka, na kuchoka si dhambi.

Kampuni tatu zikaja. Kwa kuwa aliwahi kuajiriwa serikalini, alichora jedwali. Aliuliza sauti itasikika vipi mvua ikinyesha. Aliuliza umeme ukikatika itakuwaje. Aliuliza kama namba yake ya zamani itabaki. Yalikuwa maswali ya mtu mwenye akili, na kampuni zote tatu ziliyajibu vizuri. Ya tatu ikaongeza jambo ambalo hakuliuliza.

"Mfumo wetu unachuja, Daktari," akasema bwana wa mauzo. "Simu inayokatika kabla ya kupokelewa haikusumbui. Huioni kabisa. Hizo tunaziita simu zisizo na kusudio."

Daktari akaipa kampuni hiyo kumi juu ya kumi, akagonga mhuri.

Wiki ya kwanza alikula ugali ukiwa wa moto.

Wiki ya pili, Jumanne asubuhi, ng'ombe wa Sekela alishikwa na uchungu, ndama akakwama. Sekela alikuwa mjane, na ng'ombe alikuwa naye huyo mmoja. Akabipu. Akakaa na simu kiganjani, kama siku zote. Akabipu tena. Hakumlaumu daktari, alijiambia labda ana mgonjwa mikononi, sasa hivi atapiga. Baada ya mara ya nne alimwachia jirani ng'ombe, akateremka mlima kwa miguu, nusu akitembea, nusu akikimbia.

Alimkuta Daktari ofisini, shati limenyooka, anasoma ripoti.

"Nimekubipu mara nne, baba. Si huwa unapiga?"

Daktari aliitazama ripoti kwanza, kama watu wa ofisi wanavyofanya, kisha ndipo akamtazama yeye. Ripoti ilisema: simu ambazo hazikupokelewa, sifuri. Akachukua mkoba wake, wakapanda mlima, yeye akiwa mbele. Njiani aliyapitia maswali yake yote mema, moja baada ya jingine, akaona kwamba yote yaliwahusu wenye uwezo wa kungoja mpaka wapokelewe.

 Sekela alimshika mkono pale palipokuwa na utelezi.

Ng'ombe alikufa saa nne na nusu, ndama akiwa tumboni. Wao walifika saa tano.