Bwana Mwenye Bahasha

Bi Mwasiti, fundi cherehani wa Korogwe, alimuuzia gari lake tajiri Mbwambo, mwenye mashine za kukoboa mpunga. Tajiri akaliendesha kama anayefukuzwa na nyuki, na jina kwenye kadi ya gari hakulibadilisha. Kila faini ya mwendo kasi ikamwangukia Bi Mwasiti.

Alipokwenda kulalamika, tajiri alicheka mpaka kitambi kikatikisika. "Kadi ina jina la nani, mama? Basi kila kinachokuja na gari ni chako!"

Wiki iliyofuata Bi Mwasiti alirudi amejipaka wanja, uso umechangamka. "Nimekuja kukushukuru, baba. Kuna bwana wa serikali amekuja kwangu mara tatu na bahasha nene. Anamtafuta mwenye gari, ana hamu naye mpaka basi! Ijumaa anarudi. Nakuomba tu, jina usibadilishe."

"Bahasha ya nini?"

"Mie sijaifungua. Ni ya mwenye gari."

Siku ile ile tajiri alikimbilia ofisi ya usajili wa magari. Akaambiwa jina halibadilishwi mpaka faini zote zilipwe. Akalipa bila hata kuuliza ni ngapi.

Ijumaa akaingia kwa Bi Mwasiti akihema, kadi mpya mkononi. "Mwenye gari ni mimi! Bwana yuko wapi?"

"Huyo hapo kibarazani, anakunywa chai."

Askari wa usalama barabarani akasimama, akamkabidhi bahasha kwa mikono miwili. "Afadhali nimekupata, mzee. Hizi ni za wiki hii."