Subhanallah ya Nyuma ya Pazia

Wametupokeza waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi wa yote, kwamba katika mji mmoja wa bonde la Hadhramaut aliishi mwanamke jina lake Raihana. Ujanani mwake Raihana alikuwa mwimbaji wa karamu za matajiri. Aliimba, akatunzwa, sifa zikamlevya. Kisha Mola akamfungulia mlango wa toba. Akaacha yote, akabaki na kibanda chake, msala wake na mbuzi wake wa maziwa, akawa hatoki ila kwenda kuswali au kumtazama mgonjwa. Tunamdhania kheri, kwamba Mola wake alimsamehe. Majirani zake je? Wapi! Akipita na chombo chake cha maziwa wanaitana dirishani, "Huyo, mwimbaji huyo!" Mtu ametubu hata mvi zimemjaa kichwani, wao bado wanamhesabia ujana wake. Nayasema haya kwa uchungu, kwa sababu watu wa namna hiyo hawajaisha duniani.

Basi Raihana akafariki, alfajiri. Binti yake wa pekee, Atika, alikuwa ameolewa kijiji kingine, na mumewe alikuwa safarini na msafara. Habari zilipomfikia alipanda punda akaja peke yake, akakuta mama yake ameshaoshwa, ameshavikwa sanda, na uso umeshafunikwa. Hakuwahi kumwona. Alilia pale ukumbini hadi sauti ikamkauka.

Aliyemwosha ni Bibi Hunaida, mjane wa muuza uturi, mwanamke mwenye nafasi yake na mwenye ulimi wake. Maiti wa kike wa mji ule walikuwa wakioshwa na yeye kwa kutaka radhi za Mola tu, peke yake, nyuma ya pazia zito. Anayeleta maji huyaacha nje ya pazia akaondoka.

Sasa sikilizeni balaa lilipoanzia. Maji ya majani ya mkunazi, ya kumwoshea maiti, aliyaleta jirani mmoja aitwaye Ummu Jundub. Alipokuwa akitua chungu alimsikia Bibi Hunaida kule ndani akisema, "Subhanallah!" Kisha tena, kwa sauti ya chini, "Subhanallah." Basi, ni hilo tu! Ummu Jundub akajitanda shuka lake, akaingia nyumba ya kwanza.

"Jamani, huko kuna jambo. Mwosha kasema Subhanallah."

"Subhanallah ya vipi?"

"Ya kushtuka, mwenzangu! Angeona jema si angesema Mashaallah?"

Haikufika adhuhuri, neno limeshaota miguu. Uso wa Raihana umegeuka mweusi kama sufuria. Ulimi wake, ule uliokuwa ukiimba, umetoka nje na haurudi. Maji yamekataa kumgusa. Na katika wote waliosema hayo hakuna hata mmoja aliyeona ukucha wa maiti. Tazameni ujasiri huo! Wamechukua neno la kumtakasa Mola, wakaligeuza ushahidi wa kumtia mja wake motoni.

Baada ya swala ya adhuhuri jeneza likawekwa uwanjani mwa msikiti. Atika alisimama pembeni pamoja na wanawake wachache. Imamu, Sheikh Muqatil, mtu mwema lakini mwepesi wa kuogopa watu, akaita, "Simamisheni safu." Safu haikusimama. Huyu anatafuta kiatu chake, yule amekumbuka kwamba ana mgonjwa nyumbani, wengine wanatazama mchanga. Mwishowe Harithi mchonga milango, ambaye neno lake lilikuwa zito mjini, akasema, "Sheikh, tusifichane. Yanayosemwa yamesemwa. Aitwe mwosha aeleze alichokiona. Akiwa ameona jema tutaswali. Akiwa ameona mengine, wenye maiti wao wajizikie."

Watu wakaitikia kwamba hiyo ndiyo haki. Haki! Maiti wa Kiislamu yuko juani anangoja kesi yake isikilizwe, nao wanaiita haki. Imamu naye akainamia tasbihi yake.

Atika alipandwa na hasira hadi macho yakaingia kiza. Lakini chini ya hasira kulikuwa na jambo jingine lililomtafuna, ambalo asingethubutu kumwambia mtu. Yeye naye hakuuona uso wa mama yake. Yeye naye alitaka kujua. Akaapa moyoni kwamba mama yake asiposwaliwa leo, hataweka tena paji lake chini pamoja na watu hawa, wala hatabaki katika dini yao. Kisha akatoka mbio hadi kwa Bibi Hunaida.

Alimkuta uani akikamua shela lake lililoloa. Akamweleza yote, na pumzi zinamkatika.

"Kwa Subhanallah yangu?" Bibi Hunaida akakaa kitako. "Laa haula! Yaani hata dhikri yangu wameitolea tafsiri?"

"Njoo basi uwaambie ulichokiona."

"Sisemi, mwanangu."

"Sema jema tu, bibi! Lolote jema!"

"Unataka niseme uongo mbele ya jeneza la mama yako?"

Atika akarudi nyuma hatua moja. "Kwa hiyo ni kweli?"

"Umeona?" Bibi Hunaida alisema kwa ukali. "Nimetamka neno moja, na wewe uliyetoka tumboni mwake umeshamhukumu. Sikusema kweli, wala sikusema si kweli. Mimi hata jema sisemi. Leo nikisema huyu nilimwona anang'aa, kesho nikamnyamazia mwingine, watu watasemaje? Watasema yule ana lake. Sifa nitakayompa mmoja itakuwa tuhuma kwa mwenzake. Ndiyo maana nimenyamaza kwa wote."

"Basi nyamaza!" Atika alipiga kelele. "Nyamaza, na mama yangu aoze juani! Nyote ni wale wale, wewe na wao. Kama huu ndio ucha Mungu wenu, kaeni nao!"

Bibi Hunaida akajitanda lile shela, maji yakingali yanamtiririka, akatangulia njia.

Alipofika uwanjani watu wakampisha hadi kwenye jeneza. Akatoa salamu, wakaitikia.

"Nasikia mnanitaka ushahidi," alisema. "Haya, nitatoa. Ila sitaanza na Raihana, maana yeye si wa kwanza kuoshwa na mimi. Nitaanza na wa kwanza, nije mmoja mmoja mpaka huyu wa leo, hapa hapa hadharani. Harithi, mwanangu, sogea. Mama yako nilimwosha mimi. Nianze?"

Harithi akatoa macho. "Bibi, mama yangu anaingiaje hapa?"

"Na mama wa huyu binti anaingiaje midomoni mwenu? Abu Jundub! Uko wapi, na mkeo mchota maji? Dada yako aliyefariki na uzazi, tuanze na yeye? Au tuanze na mkeo wewe, imamu, Mungu amrehemu? Mbona mmeinama? Si mnataka kujua Hunaida huona nini? Hapa hakuna mtu asiye na wake aliyepita katika mikono hii. Mmekuwa mkilala usingizi kwa sababu mnajua sisemi. Leo mnataka niseme ya mmoja tu, huyu asiye na kaka wala mume wa kumtetea. Ya huyu tu! Hamwoni haya? Mtu amemtaja Mola wake yuko kazini, nanyi mmelifanya jina lake fitina!"

Sauti ilimpanda hata ikakatika. Atika alikuwa amesimama karibu naye, akaiona mikono yake ilivyolikamata shela hadi maji yakachuruzika. Hapo akafahamu kwamba bibi huyu asingesema la mtu yeyote, hata wangemkata ulimi, na kwamba alikuwa akiogopa asije akatokea mmoja akamwambia, haya, anza.

Hakutokea. Harithi alisema, "Astaghfirullah," akavua viatu alivyokuwa ameshavivaa, akasimama. Akasimama Abu Jundub. Safu ya kwanza ikajaa, na ya pili, hadi watu wakatoka nje ya uwanja. Imamu alitoa takbira huku analia. Atika naye, aliyekuwa ameapa kiapo kile, alijikuta nyuma ya safu amefunga mikono kifuani, anamwombea mama yake.

Kabla ya magharibi, walipokwisha kuzika, alimrudia Bibi Hunaida.

"Bibi, watu wametawanyika. Niambie mimi tu. Ile Subhanallah ilikuwa ya nini?"

"Ilikuwa ya Mola wangu."

"Mimi ni mwanawe!"

"Hata wewe."

Atika akainuka kwa ghadhabu akafika mlangoni, na hapo akasimama. Alimkumbuka mama yake, ambaye umri wake wote ulipita katika vinywa vya watu, na siku ya mwisho Mola akamkabidhi kwa mtu asiyeitoa siri yake hata kwa binti yake wa kumzaa. Akarudi, akaketi miguuni pa yule bibi, akalia upya.

"Bibi," alisema alipoweza kusema, "siku yangu ikifika, nataka unioshe wewe."

Bibi Hunaida akacheka kidogo. "Mimi mzee, mwanangu, nitakutangulia. Wewe njoo ujifunze, uje unioshe mimi. Nina yangu mengi ya kusitiriwa."

Enyi wenzangu, tunasoma vitabu na kuhudhuria darsa kutafuta imani, na ni vizuri. Lakini yule binti imani yake ilikuwa inamtoka mchana kweupe, na waliokuwa wakimtoa katika dini ni watu waliotoka kuswali sasa hivi. Aliyemrudisha ni mwanamke mmoja aliyekataa kusema. Sijui ni wangapi tumewatoa kwa midomo yetu, nasi hatuna habari. Kila mmoja wetu atalazwa juu ya kitanda kile cha kuoshea maiti, hana nguo wala neno la kujitetea. Jiulize ni nani ungependa akuoshe saa hiyo, kisha ujiulize kama kuna mtu mjini mwako angekutaka wewe. Mola atusitiri duniani na akhera.