Fundi Aliyetibu Midomo ya Samaki

Wapendwa, kabla sijafunga Biblia hii, nivumilieni kidogo. Mnaoangalia saa kule nyuma nawaona, na chakula hakitakimbia.

Alikuwepo fundi mmoja aliyetunza samaki wa mapambo. Wale wa rangi rangi, mnaowaona wakiogelea kwenye matangi ya kioo hotelini na sebuleni kwa wenye nazo. Msicheke, kazi ni kazi. Na huyu ya kwake aliijua barabara, na zaidi ya kuijua, aliwapenda samaki kama watoto wake.

Siku moja akaitwa hotelini. Akakuta samaki mmoja amejibanza pembeni, mdomoni ameota kitu cheupe kama pamba. Mnajua ubaya wa ugonjwa huo? Samaki hafi kwa maumivu tu, anakufa kwa njaa. Chakula kinaelea mbele ya macho yake, anakifuata, mdomo unakataa kufunguka, anarudi kinyumenyume. Fundi alimwangalia, roho ikamuuma. Akamvua kwa wavu wake mdogo wa mkono, akamtenga kwenye ndoo, akatia dawa ya kuua vijidudu na chumvi kidogo, akayapoza maji kwa sababu ugonjwa ule unapenda joto. Baada ya siku chache samaki akapanua mdomo, akala. Mwenye hoteli alimshika mkono kwa mikono miwili.

Sasa, siku ile ile aliyomvua yule mgonjwa, fundi alitoka hotelini akapitia zahanati ya watoto. Hakuitwa na mtu. Alipita kwa upendo tu, kuwajulia hali samaki wa pale. Wavu ulikuwa kwenye mkoba, bado unachuruzika maji. Akauchovya tangini, akamhamisha mmoja aliyekuwa akionewa na wenzake, akaenda zake.

Wiki haikuisha, akapigiwa simu na zahanati: samaki wetu hawali. Akaenda mbio, akatibu. Kutoka pale akapitia nyumba ya hakimu, kuwaangalia samaki wake tu. Kwa hakimu nako wakaugua. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni alikuja, mwenyeji akalala kitandani.

Jina la fundi likavuma. Simu haikutulia, kila mtu anamtaka yeye. Lakini alivyozidi kutibu, ndivyo samaki walivyozidi kufa. Akayalaumu maji ya bomba. Akamlaumu muuza samaki. Akawalaumu mpaka wadada wa kazi, eti wanawapa samaki mabaki ya chapati. Mwisho daktari wa zahanati akamwita pembeni.

"Fundi, wamebaki wanne. Watoto wangu wanasubiri sindano wakiangalia tangi hilo. Siwezi kuwaonyesha maiti zinazoelea. Hawa wanne wakiisha, naliondoa tangi, na wewe usirudi tena hapa."

Fundi alitoka pale macho mekundu. Akamkumbuka mama mmoja mstaafu, mkali kama pilipili, ambaye walikosana tangu zamani. Yule mama naye alifuga samaki, na alimfukuza kwa sababu fundi alikuwa na tabia ya kuingiza mkono tangini bila kuomba ruhusa. Fundi akajisemea, kama mimi ninayejua napoteza samaki, je yule asiyejua? Na tuseme ukweli, wapendwa, moyoni alitamani kidogo kumkuta mama analia.

Akafika, akabisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Si nilikwambia usije?"

"Nimekuja kuangalia tu, mama. Samaki wanaugua midomo mji mzima."

Akachungulia. Samaki wa mama walikuwa wanang'aa, wananyang'anyana chakula kwa fujo, midomo misafi. Fundi akapigwa na butwaa.

"Mama, umewapa dawa gani?"

"Dawa naijulia wapi mimi? Nawabadilishia maji, nawalisha, basi."

"Fikiri vizuri, mama. Lazima kuna kitu ulichofanya wengine hawakufanya."

Mama akafikiri. Kisha akasema kwa hasira zake za siku zote, "Kitu kimoja tu. Nilikukataza wewe kuingia hapa."

Fundi akataka kucheka. Akatazama chini. Mkono wake mmoja ulikuwa tayari umeshatoa wavu kwenye mkoba, na wavu ulikuwa unadondosha maji juu ya sakafu ya mama.

Akaondoka bila kugusa tangi. Akaenda moja kwa moja kwa daktari, akasimama mlangoni akasema, "Daktari, ugonjwa huu nimeuleta mimi."

Sasa nawauliza, wapendwa. Dawa yake ilikuwa mbaya? Dawa ilikuwa nzuri, iliponya. Moyo wake je? Nani kati yetu ana upendo kama ule? Basi kosa lilikuwa wapi?

Na msinigeukie mkasema leo mchungaji amewapata wasengenyaji. Wasengenyaji wanajijua, nitawafuata Jumapili nyingine. Leo nasema na sisi wema. Sisi wa kutembelea wagonjwa, sisi wa maombi, sisi wa jumuiya. Tunakwenda kwa dada ambaye ndoa yake inayumba. Tunamwombea, analia begani kwetu, anatueleza mpaka ya chumbani. Machozi yake hayajatukauka kwenye nguo, tayari tunabisha hodi nyumba ya pili: "Wapendwa, tumkumbuke dada yetu katika maombi, maana mumewe, mmh, tuombe tu." Nyumba ya tatu wanajua jina la mwanamke wa nje. Ya nne wameongeza na mtoto. Kisha tunakutana kanisani tunashangaa, jamani, mbona siku hizi ndoa za mtaa huu zina matatizo? Tunamlaumu shetani, naye safari hii alikuwa amelala!

Jioni ya leo jumuiya inakwenda kwa yule dada aliyerudi kwa wazazi wake. Nendeni, nawatuma mimi. Msiache kwenda kwa kuogopa mahubiri haya. Mbebeeni sukari, kaeni naye, mwacheni aseme yote. Na mkishatoka pale, mtu akiwasimamisha njiani akawauliza mlimkutaje, amesemaje, jibu letu sote liwe moja: tulisali, tukanywa chai, na chai ilikuwa na tangawizi.

Amina.