Mama Aliyepanda Mlima na Maji Yake Mwenyewe

Ndugu zangu, fungeni vitabu kidogo mnisikilize. Nataka niwape habari ya mama mmoja mtu mzima, wa nyanda hizi hizi za juu, aliyekwenda kupanda mlima na mkwe wake.

Mnaijua miombo yetu. Mwezi wa tisa ardhi imekauka, mvua bado, na ukiutazama mlima unasema umekufa. Halafu miti ile inachipua. Tena haianzi na kijani. Inatoa majani mekundu, mengine ya rangi ya shaba, mengine dhahabu kabisa, mpaka mlima mzima unawaka. Siku chache baadaye yanageuka kijani, na hayo yamekwisha mpaka mwakani.

Mama huyu alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, na mtoto huyo alifariki. Aliugua tumbo siku nne. Daktari alieleza ugonjwa wenyewe, akauandika. Lakini pale msibani, watu wakiosha vyombo, shangazi mmoja alimsogelea mama akamnong'oneza: chakula chake cha mwisho alipika nani? Basi, hilo tu. Tangu siku hiyo mama hakula tena kitu kilichotoka mikononi mwa mkwe wake, mjane wa marehemu. Hakumgombeza, hakumfukuza. Akiletewa chai anashukuru, anaiweka pembeni, na mwenzake akitoka anaimwaga. Miaka sita. Kanisani walikaa benchi moja. Nani angejua?

Mwaka wa sita mkwe akamwomba wapande mlima wakaione miombo, waende asubuhi warudi jioni. Alisema marehemu alitamani sana kumpeleka mama yake huko. Mama akakubali kwa mdomo, lakini moyoni alijiuliza: miaka yote hii, kwa nini sasa? Na kwa nini mlimani, kusiko na watu? Asubuhi akachemsha maji yake mwenyewe, akayatia kwenye chupa, akafunga na viazi viwili, akavificha chini ya khanga.

Waliongozwa na bwana mmoja wa makamo, mfuga nyuki aliyeijua kila njia ya mlima ule. Hawakwenda mbali, mama akaanza kuona mambo. Mkwe alikuwa anatembea nyuma yake. Mama akipunguza mwendo ili apitwe, mkwe naye anapunguza. Ninyi mngefikiri nini, mtu aking'ang'ania kukaa nyuma ya mgongo wako, na upande wa kushoto ni korongo? Baadaye akawasikia mkwe na yule bwana wakinong'ona, na alipogeuka wakanyamaza. Halafu kulikuwa na mkoba. Ulikuwa mzito, na mama alipojaribu kuchungulia, mkwe aliusogeza.

Walipopumzika, mkwe hakumkaribisha hata tone la maji. Hilo nalo likamtia wasiwasi. Angemkaribisha, angeshuku. Hakumkaribisha, akashuku zaidi.

Saa sita wakafika juu. Bonde lote lilikuwa chini yao, limewaka dhahabu kutoka ukingo hadi ukingo. Mfuga nyuki, aliyeliona kila mwaka, alivua kofia. Mkwe akasimama analia bila sauti. Na mama yetu? Alikuwa anamtazama mkwe. Analilia nini huyu, aliwaza. Ana nini moyoni kinachomtoa machozi?

Wakati wa kushuka jua lilikuwa kali. Maji ya mama yakaisha. Macho yakaingia kiza, akakaa chini kwenye jiwe. Mkwe akapiga magoti mbele yake, akafungua ule mkoba, na mama akaona kilichomo. Ndizi ambazo hazijamenywa. Mayai ya kuchemsha na maganda yake. Biskuti kwenye pakiti iliyofungwa. Na chupa mbili za maji ya dukani, vifuniko havijaguswa.

"Fungua mwenyewe, Mama," mkwe alisema. "Sikutaka kukukaribisha mbele ya mgeni ukakataa. Lakini sasa lazima unywe."

Mama akaipokea chupa. "Umejua tangu lini?"

"Tangu msibani. Shangazi alipokuuliza, nilikuwa nyuma ya mlango."

"Na bado ukakaa na mimi?"

"Tunamlilia mtu mmoja, Mama. Ningekwenda kukaa na nani mwingine?"

Mama akakishika kifuniko akazungusha. Vidole havikuwa na nguvu. Akajaribu tena, kikakataa. Ndipo akamrudishia chupa, akasema neno ambalo hakuwahi kumwita tangu aolewe: "Nifungulie, mwanangu."

Akafunguliwa, akanywa.

Na kule kutembea nyuma? Mkwe alihofia mama asije akateleza. Na kule kunong'ona? Alikuwa anamwomba yule bwana apunguze mwendo, bila mama kuona aibu.

Sasa tuseme sisi. Tunadhani shaka zetu ni siri yetu kwa sababu hatujazitamka. Ndugu yangu, unayemshuku anajua. Anajua, na amejifunza kuishi nazo. Ndiyo maana mumeo anaacha simu mezani kabla hujauliza. Ndiyo maana binti yako wa kambo akitoka chumbani kwako anaonyesha viganja vyote viwili, na wewe huoni ajabu. Mtu anajitesa hivyo kila siku ili akae karibu nawe, nawe unamwita mjanja. Na ushahidi wetu ni nini? Swali la mtu mmoja aliyekuwa anaosha vyombo.

Mama alipatana na mkwe wake, namshukuru Mungu. Lakini majirani walipomuuliza miombo ilikuwaje, hakuwa na la kuwaambia. Wiki iliyofuata mlima ulikuwa kijani. Mwaka uliofuata magoti yalikataa kupanda. Alifika mpaka juu, na miombo hakuiona.

Kuna mtu unayemshuku, umemkumbuka nilipokuwa nikisema. Usininyooshee mimi mkono, wala usije mbele. Mtu huyo pengine mmekaa naye benchi moja. Geuka umwambie.